Rivyu ya sevisi za motawei Uingereza kama sehemu ya kumuulia mtu (kwenye sirizi, sio kweli)

Wakuu, naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: kahawa nyota moja, vyoo nyota nne, na kama eneo la tukio kwenye sirizi ya upelelezi nyota tano bila ubishi, tatizo waandishi wa hizo sirizi hawajui walichonacho mkononi. Mwenye muda akae tuongee.

Mimi kazi yangu ni van. Nabeba vifurushi, van ni yangu mwenyewe, nimejiajiri, na kuna wiki nasinzia kwenye sevisi za M1 na M6, barabara ndefu za huku, kuliko ninavyolala nyumbani. Nikisimama humo usiku nikiwa sina usingizi naangalia sirizi za kikachero za Waingereza kwenye simu, zile ambazo kachero ana koti refu, ndoa imevunjika na bosi hamuelewi. Na kila sirizi lazima iwe na kipande cha sevisi, yaani lazima, kama vile muvi za kihindi lazima waimbe. Sasa wewe fikiria mtu amekaa ndani ya sevisi, anaangalia sevisi kwenye simu, na ile ya kwenye simu haifanani kabisa na hii aliyokaa. Ndo nikasema hapana, hii lazima niiandikie.

Kwa ambaye hajafika huku: motawei ni barabara kuu ya kasi, mwisho maili 70 kwa saa, hairuhusiwi kutembea kwa miguu, hairuhusiwi kusimama hovyo, hairuhusiwi kugeuza gari, hakuna nyumba pembeni wala mama wa mahindi ya kuchoma. Ukiwa humo ni kwenda mbele tu mpaka kituo cha kutokea, au uchepuke uingie sevisi. Sevisi ni sheli, vyoo, migahawa, duka, mashine za kamari kwenye kona yenye giza, mara nyingi na kihoteli cha kulala, na pakingi kubwa kama uwanja wa mpira. Serikali inataka dereva asiende zaidi ya nusu saa hivi bila kukutana na moja, kwenye makaratasi yao wameandika maili 28, na sevisi ikitaka kibao cha motawei inabanwa na masharti: iwe wazi saa 24 siku zote za mwaka, hata Krismasi, vyoo bure, pakingi bure kwa saa mbili za mwanzo. Hizo saa mbili zishike vizuri kichwani, tutazirudia, mimi zimenitesa.

Kwanini nasema nyota tano? Kwasababu pale hakuna mwenyeji. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa nenda sevisi saa 9 usiku unitafutie mwenyeji. Kila mtu mgeni. Kijijini akipita mtu asiyejulikana hata kuku wanageuza shingo, mtaani kuna yule bibi wa dirishani, lakini sevisi unaweza kuingia na shati lenye damu ukasema umetokwa na damu puani na mtu akakupa tishu bila kukuangalia mara mbili. Nimeona mtu amevaa suti ya harusi anakula baga peke yake saa 10 alfajiri. Nimeona mama anamlilia mtu kwenye simu karibu na mashine ya kahawa na sisi wote tunamzunguka kama nguzo. Nimeona jamaa anahamisha masanduku kutoka gari moja kwenda gari nyingine, taratibu, kama dakika ishirini, hakuna aliyemuuliza, na mimi nikiwemo. Kila aliyeko pale ana sababu ya kuwepo na hiyo sababu haihitaji maelezo, umechoka, una haja ndogo, basi. Mwandishi angeamua kubuni sehemu ya kukutana muuaji na aliyemtuma, angepata nini bora kuliko hapo?

Sasa wanavyoiharibu.

Kosa la kwanza ni giza. Kwenye sirizi pakingi ni giza totoro, taa moja inamulika na kuzima, gari mbili tu zimepakiwa mbali mbali, ukungu. Jamani! Pakingi ya sevisi usiku inawaka kama mchana na inapiga kelele. Upande wa malori kuna malori yamejipanga ubavu kwa ubavu na yale ya friji yanaunguruma usiku kucha maana nyama na maziwa hayalali, ukipaki karibu yake umekwisha. Kuna wafagiaji, kuna mabasi ya mashabiki wanarudi kutoka mechi, kuna watoto wanalia kwasababu wameamshwa kwenda chooni. Utisho wa pale hautokani na upweke. Unatokana na kuwa katikati ya watu mia mbili ambao hakuna hata mmoja atakayekukumbuka kesho. Hicho kinatisha zaidi kuliko ukungu, na ni rahisi pia kukipiga picha kwasababu hupaswi kukodi mashine ya ukungu.

Kosa la pili ni keshia mwenye kumbukumbu za malaika. Kachero anaingia, anatoa picha, keshia anaiangalia sekunde mbili, "ndio, namkumbuka, alinunua maji na alionekana ana wasiwasi." Muongo! Huyo dada anahudumia watu mfululizo, wote wamechoka, wote wamenunua maji, wote wanaonekana wana wasiwasi kwasababu wametoka kuona bei ya sandwichi. Mimi nimenunua kwa keshia yuleyule mwaka mzima na kila siku ananiuliza kama nina kadi ya pointi.

Kosa la tatu ndo linaniuma kama dereva. Stelingi yuko sevisi ya upande wa kwenda kaskazini, anamuona adui ng'ambo anatoka upande wa kwenda kusini, anaruka kwenye gari, anageuza, anamfukuza. Anageuza wapi?? Kati kuna kingo za chuma au zege. Ukitoka sevisi ya kaskazini unaenda kaskazini, unatafuta kituo cha kutokea, maili kadhaa, unazunguka juu ya daraja ndo unarudi, na huyo adui ameshafika kwao ameoga. Vile vijia vya nyuma vya wafanyakazi vipo baadhi ya sehemu ila sio vya kwako. Na hapo ndo pangekuwa patamu! Kachero anamuona mtu wake mita hamsini mbele, ng'ambo ya njia sita za magari, na hawezi kufanya kitu, anamuangalia tu anaingia kwenye gari polepole anajifunga mkanda. Mimi ningelia. Wao wanaweka gari linageuka kwa msuguano wa tairi.

La nne nalipitia haraka, kachero kukutana na mtoa siri wake sevisi huku wanagonga wiski. Kwenye sevisi za motawei pombe ilipigwa marufuku miongo na miongo, baa ya kwanza kufunguliwa humo ni ya 2014, Beaconsfield kwenye M40, na ilizua mjadala kweli. Kachero mlevi akitaka kulewa aende mjini.

Haya, sasa nifike kwenye barua, maana hii rivyu yote imeanzia kwenye barua.

Kuna sevisi moja siitaji, sitaki matatizo. Siku hiyo nimetoka kusini alfajiri, nikaingia upande wa kwenda kaskazini, nikanywa chai, robo saa, nikatoka. Nikaenda kushusha mzigo, nikarudi chini kwa barabara nyingine kabisa, nikapakia tena, na jioni napanda tena kaskazini nikaingia sevisi ileile, dakika kumi, nikatoka. Baada ya siku kadhaa inakuja barua nyumbani. Imefunguliwa na mama Nasra kwasababu mimi niko barabarani. Nafika mlangoni sijavua hata viatu:

"Baba Nasra, karibu. Ulikuwa unafanya nini saa kumi na moja na nusu kwenye pakingi?"

"Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi au jioni?"

"Masaa kumi na moja na nusu. Umekaa humo masaa kumi na moja na nusu. Kuna picha."

Na kweli kuna picha. Mbili. Moja mbele ya van inaingia, saa 11 na dakika 12 alfajiri, nyingine nyuma ya van inatoka, saa 10 na dakika 40 jioni, namba ya gari imekuzwa hapo chini unaisoma bila miwani. Hesabu yao wameandika kabisa, saa 11 na dakika 28, na pesa ninayodaiwa. Mama Nasra aliniuliza swali moja tu baada ya hapo, kwa upole ule ambao mnaujua, "na ulikuwa na nani?"

Kilichotokea ni hivi. Hizo pakingi hazina mlinzi wala geti, zina kamera za kusoma namba za gari, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, kompyuta inatoa muda wa kutoka inaondoa muda wa kuingia, ikizidi saa mbili kampuni ya pakingi inaomba jina na anwani ya mwenye gari kutoka mamlaka ya magari, DVLA, inalipia, inapewa, na barua inakujia. Asubuhi nilipotoka kulikuwa na lori limenibana kwa nyuma kabisa, kamera haikuiona namba yangu. Jioni nilipoingia sijui nini kilitokea, haikuniona tena. Kwahiyo kompyuta ilichonacho ni kuingia kwa kwanza na kutoka kwa mwisho, ikaunganisha, ikanifanya mkazi. Hii sio ajabu ya kwangu peke yangu, ni kasoro inayojulikana, madereva wamelalamika miaka na waamuzi wa rufaa wanaijua.

Niliikatia rufaa kwa risiti ya mafuta niliyojaza mchana mji mwingine, wakafuta. Lakini wiki nzima nilikuwa naendesha nawaza, ngoja kwanza. Barua hii inasema nilikuwa mahali ambapo sikuwepo. Masaa kumi na moja. Na picha. Na imetoka kwenye kampuni ambayo hainijui, haina sababu ya kunitetea, tena inanidai! Nani atatilia shaka ushahidi unaotoka kwa mtu anayekudai?

Mnaona sirizi hapo au mpaka niwachoree?

Muuaji anaingia sevisi asubuhi, kamera inamuona. Anatoka akiwa ameganda nyuma ya lori, namba haisomeki. Anaenda anafanya alichoenda kufanya. Anarudi vilevile amejibana, anakaa kidogo, anatoka kwa mbwembwe kamera imuone vizuri. Halafu hasemi kitu. Anasubiri. Barua inakuja, analalamika, anakataa kulipa, anaandika rufaa kali kabisa akidai hakukaa muda wote huo! Makachero wakija miezi miwili baadae kumuuliza tarehe fulani ulikuwa wapi, anakuna kichwa, anasema aah, siku ile ile ya faini ya kijinga, subiri nikutafutie barua. Yaani alibi yake, ule ushahidi kwamba alikuwa sehemu nyingine, imetengenezwa na watu wanaomchukia na yeye mwenyewe ameipinga kwa maandishi. Hata mimi ningemuachia.

Halafu utamu wa pili. Kamera za pakingi ni za kampuni binafsi, lakini polisi nao wana zao za kusoma namba, ziko kwenye mabarabara nchi nzima, ni mfumo tofauti. Kwahiyo binti mmoja wa kitengo, sio stelingi, yule anayekaa kwenye kompyuta ambaye hawampi mistari mingi, anakuta gari lilelile limepita kwenye kamera ya polisi maili arobaini kutoka hapo, mchana, wakati kampuni ya pakingi inaapa limelala kwao. Bosi atasema nini? Atasema namba feki! Kwasababu Uingereza kuna mchezo mkubwa wa kunakili namba, mwizi anatafuta gari la rangi na aina ileile, anachonga namba zake, anatembea nazo. Kwahiyo wanapoteza kipande kizima, episodi mbili nakuhakikishia, wanatafuta gari la pili ambalo halipo. Mimi hapo ningelipa pesa yangu kuangalia.

Na barua pia ina kitu kingine kwa wale wanaopenda mambo ya sheria: inaenda kwa mwenye gari, sio kwa aliyeliendesha. Kuna sheria ya 2012 inayosema kama mwenye gari hamtaji dereva basi anaweza kudaiwa yeye, na ili hiyo ifanye kazi barua inatakiwa imfikie ndani ya siku 14. Kwahiyo picha inathibitisha gari, haithibitishi tako la nani lilikuwa kwenye kiti.

Tena nikitaja tako. Madereva wa malori makubwa wana kile kifaa cha kurekodi muda wa kuendesha, takografu, Waingereza wanakiita kwa kifupi na wanakitamka "tako" vilevile, siku ya kwanza mzungu aliponiambia tako lake limeharibika nilimpa pole kwa makosa. Sasa huyu dereva wa lori ndo shahidi bora wa sevisi na sirizi hawamtumii, wanamtumia kama mshukiwa tu, lori, tatuu, lafudhi ya ulaya mashariki, kila siku hivyo hivyo, inachosha. Wakati sheria inamwambia akiendesha saa nne na nusu lazima asimame dakika 45. Dakika 45 kamili, hana pa kwenda, amekaa juu kwenye kabini lake anaona pakingi nzima chini yake kama jaji, na muda wake wa kusimama na kuondoka umerekodiwa na kifaa, hawezi kukosea hata akitaka. Halafu usiku halali usingizi wa kufa, kwasababu kuna wezi wanaopita na visu wanachana turubai la tela kuangalia umebeba nini, televisheni au sigara wanashusha, karatasi za chooni wanakuachia na tundu lako. Kwahiyo akisikia hatua za mtu saa 8 usiku anafungua pazia kidogo. Keshia hakumbuki, dereva wa lori anakumbuka! Ila kachero anamfikia baada ya siku tatu, jamaa yuko Gdańsk, Poland.

Sasa sevisi zenyewe, maana hazilingani.

Watford Gap, M1, ndo bibi yao. Ilifunguliwa siku moja na barabara yenyewe, tarehe 2 Novemba 1959, na mgahawa ulikuwa haujaisha wakawa wanauza sandwichi kwenye vibanda. Miaka ya 60 wanamuziki wakirudi kutoka kwenye shoo usiku walikuwa wanasimama hapo maana hakukuwa na sehemu nyingine iliyo wazi saa hizo. Kwa leo ukiiangalia ni ya kawaida sana, ningeipa tatu, ila ina zawadi moja kwa mwandishi mjanja: haiko Watford. Watford ni mji ule wa karibu na London. Watford Gap iko huko juu Northamptonshire, mwendo wa saa nzima na zaidi. Shahidi mgeni akisema "tulikutana Watford" umeshapata utata wa bure bila kulipa muigizaji.

Lancaster, M6, zamani ikiitwa Forton. Hii ina mnara. Ulijengwa 1965, wa pembe sita, umekaa kama ule wa kuongozea ndege, na juu kulikuwa na mgahawa watu wanapanda na familia kula wakiangalia magari na bahari kwa mbali. Umefungwa kwa wateja tangu 1989, 2012 ukawekwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, kwahiyo hauruhusiwi kubomolewa hovyo na hakuna anayepanda. Nimekaa chini yake mara nyingi nikila chipsi nauangalia. Mwandishi mvivu ataweka maiti juu. Tafadhali usiweke maiti juu, kila mtu anategemea maiti juu.

Faida yake ni nyingine. Sevisi zote kwa ndani zinafanana, kahawa ileile, baga ileile, sakafu ileile yenye kibao cha njano cha kuteleza, mimi mwenyewe nikiamka kwenye kiti huwa natoka nje kusoma kibao nijue niko wapi. Kwahiyo ushahidi wowote wa "nilimuona sevisi" hauna maana, sevisi gani? Ukimuuliza dereva wa kigeni asiyejua majina ya huku atakwambia ile yenye kahawa. Isipokuwa hiyo moja. Hata asiyejua neno la Kiingereza atakuchorea mnara kwenye karatasi. Muuaji makini angejua asisimame hapo, angeendesha na mkojo wake mpaka mbele. Na kachero mzuri angejiuliza kwanini mtu ambaye husimama Lancaster kila wiki, wiki hiyo moja alipitiliza. Nne.

Tebay, nayo M6, huko Cumbria kwenye milima. Ya familia ya wafugaji, ipo tangu 1972, ina duka la vitu vya shamba, jibini, nyama, mkate, nje kuna bwawa na bata. Kama sevisi ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuingia, sio siri, watu wanapanga safari ili wapite hapo. Kama eneo la uhalifu ni sifuri, haifai. Muuaji akifika hapo atasahau mpango, atanunua jibini, atapiga picha bata. Wengine mtabisha.

Sasa mfalme. Leicester Forest East, M1, ya 1966. Hii imejengwa juu ya barabara. Sio pembeni, juu! Daraja lenye migahawa linakatiza motawei yote, unakaa mezani na chini ya miguu yako magari yanapita, upande mmoja mto wa taa nyeupe upande mwingine mto wa taa nyekundu. Haikuwa ya kwanza kwa mtindo huo, Charnock Richard kwenye M6 iliitangulia 1963, lakini hii ndo ninayoijua mimi vizuri. Na unaona maana yake? Ile sheria ya kwamba huwezi kugeuza, hapa imevunjwa kwa ngazi. Mtu anatoka London anaenda Leeds, mwingine anatoka Leeds anaenda London, wanakula meza moja na gari zao zimeangalia pande tofauti za nchi. Unaacha gari lako kwenye pakingi ya kaskazini, unapanda na begi, unavuka, unashuka na begi, unaingia kwenye gari la mtu mwingine linaloelekea kusini. Kamera ya kaskazini inasema bado upo. Ile ya kusini inakuona vipi na gari sio lako? Na rafiki yako, mfupi kama wewe, kofia kama yako, anashuka ngazi ya kaskazini anaondoa gari lako kabla saa mbili hazijaisha, hata barua haiji!

Nilikaa pale usiku mmoja nusu saa nzima nikijaribu kufuata kwa macho nani ametokea upande gani. Haiwezekani. Wakishakaa na trei zao hawana upande tena.

Nimejiuliza kama natania sana na kitu kizito, kwasababu sevisi zimeshaingia kwenye upelelezi wa kweli na wala hakukuwa na ukungu. Julai 7, 2005, watatu kati ya wale vijana wanne waliokwenda kulipua treni na basi London, wakaua watu 52, walisimama Woodall kwenye M1 kuweka mafuta. Ilikuwa saa 11 kasoro dakika sita alfajiri. Imeandikwa kwenye ripoti ya serikali: mmoja wao akaingia kulipa, akanunua vitu vya kutafuna, akabishana na keshia kuhusu chenji, akaiangalia kamera moja kwa moja, akatoka. Chenji! Mtu amebakiza saa chache za kuishi anabishania chenji. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kuandika hivyo, angeambiwa haiaminiki. Nikipita pale huwa nazima redio, sijui hata kwanini, basi tu.

Kwahiyo ninachotaka kwenye sirizi ni hicho, chenji, kadi ya pointi, foleni ya choo. Wacheni taa ya kumulika na kuzima.

Mengine ya kawaida ya rivyu, maana kuna watakaouliza: bei ya mafuta usijaribu, jaza kabla hujaingia motawei. Kahawa nimeshasema. Mabafu ya madereva yapo, beba ndala zako. Viti vya nje vya mbao ni vizuri kuliko vya ndani ila njiwa na wale ndege wa baharini hawana adabu, watakuchukulia chipsi mdomoni, hata Leicester ambako bahari haipo.

Ile barua mama Nasra ameibandika kwenye friji kwa sumaku, pamoja na barua ya kuifuta, anasema ni kumbukumbu. Mimi sasa nikitoka sevisi yoyote naipiga picha saa ya gari na kibao cha kutokea kwa pamoja, kila siku, nina mia tatu na kitu kwenye simu. Juzi lori limenibana tena pale pale kwenye njia ya kutokea, nikasimama nikalipungia lipite kwanza, dereva akapiga honi akidhani nimelala.